Klachi au mshumaa? Kisa cha Hiace ya Mombo–Lushoto

Mara ya tatu Hiace ile ilipoingia gereji ikivutwa kwa kamba, mwenye gari hakusubiri salamu. Alishuka, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza: "Fundi, hii uliyonifungia ni klachi au mshumaa?"

Alikuwa na haki. Ni mwalimu mstaafu, na kiinua mgongo chake karibu chote kimo kwenye lile gari. Machi nilimfungia seti mpya: klachi pleti (sahani yenye utando wa kusugua), presha pleti (inayoibana) na rilizi beringi (inayoisukuma presha pleti iachie). Oktoba ikaisha, nikamfungia nyingine. Sasa ilikuwa wiki ya pili ya Januari, gari limekwama juu kidogo ya Soni, injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Klachi iliyokuwemo kabla ya hizo ilikaa miaka mitatu na ushee, kwenye njia ileile, gari likiwa na mzigo uleule wa watu na kabichi.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nilikosea mara mbili kabla ya kupatia, na makosa yangu ndiyo ninayoyasikia gereji nyingi.

Kwanza tulisingizia mlima

Mombo iko bondeni, kando ya barabara kuu ya Segera kwenda Moshi, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati yake kuna lami ya kilomita 33 hivi, inayojipinda kufuata korongo mpaka Soni kisha kuendelea kupanda. Mtu akisikia klachi imekufa kwenye njia hiyo hata haulizi mara mbili. Ni mlima. Mwalimu alisema mlima, dereva wake mkubwa alisema mlima, na wapiga debe wa stendi ya Mombo, ambao wana jibu la kila kitu, walisema mlima.

Lakini hebu tupige hesabu. Mita 1,000 ndani ya kilomita 33 ni wastani wa kupanda mita tatu kwa kila mita mia. Zipo sehemu kali zaidi ya hapo, tena nyingi, ila hata barabara nzima ingekuwa kali, mlima peke yake hauli klachi. Ukishaachia pedali yote, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi pleti na presha pleti vinabanana na kuzunguka kama kitu kimoja. Hapo hakuna kinachosugua kingine. Injini inahenya, redieta inahenya, klachi yenyewe imelala usingizi. Ukikanyaga pedali mpaka chini, vinaachana kabisa, na napo hakuna msuguano wa maana. Kinachoila ni kile kipande kifupi cha katikati, pale inaposhika nusu na kuteleza nusu.

Kwa hiyo gari likipanda kutoka Mombo hadi Lushoto bila kusimama, klachi inafanya kazi kwa sekunde chache tu: wakati wa kuondoka, na kufumba na kufumbua kila gia inapobadilishwa. Swali lililotakiwa kuulizwa ni jingine. Gari hili linasimama mara ngapi njiani, na likisimama kwenye mwinamo, mguu wa kushoto wa dereva unafanya nini?

Oktoba sikuuliza hilo. Nilisema spea.

Kisha tukasingizia spea

"Mwalimu, spea za siku hizi unazijua mwenyewe." Ndivyo nilivyomwambia, na kila fundi anayesoma hapa amewahi kuisema sentensi hiyo. Inatufaa sana. Haimlaumu aliyefunga, haimlaumu aliyeendesha, inamlaumu mtu asiyekuwepo. Spea mbovu zipo, sikatai, nimeshakutana na klachi pleti ambayo utando wake ulibanduka gari halijatoka nje ya geti. Lakini iliyobanduka inaonekana imebanduka. Iliyotolewa Oktoba haikubanduka popote. Ilikuwa imeisha tu, kama soli ya kiatu cha mtembea kwa miguu, pande zote mbili sawasawa, mpaka vichwa vya ripiti, vile vipini vinavyoshika utando, vimeanza kugusa chuma.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo niliiona nikaipita. Kwenye uso wa flaiwili palikuwa na madoa ya bluu, makubwa kama sarafu, yamepangana kwenye duara. Chuma kikipata joto hubadilika rangi kwa mpangilio unaojulikana: kwenye nyuzi 220 hivi kinakuwa rangi ya nyasi kavu, kwenye nyuzi 300 hivi kinakuwa bluu. Maana yake uso ule ulikuwa unafika karibu nyuzi 300, tena si mara moja. Ilinipasa kuipeleka flaiwili kwa mchonga vyuma ikapigwe upya. Mwalimu alikuwa na haraka, gari likikaa siku mbili hesabu inapotea, nami nikaipiga msasa, nikafunga. Kosa hilo ni langu.

Januari niliitoa gia boksi nikiwa nimetulia. Nilifukuza vijana wote pale chini, nikachukua tochi.

Sili ya nyuma ya injini ilikuwa kavu, kwa hiyo haikuwa oili iliyomwagika kwenye klachi. Pleti iliyolowa oili huwa na mng'aro mweusi na gari hutetemeka likiondoka, na hapa hapakuwa na mng'aro. Pedali ilikuwa na uchezaji wa milimita 10 hivi kabla haijaanza kuwa nzito. Toyota wanataka iwe kati ya milimita 5 na 15, kwa hiyo klachi ilikuwa inaachiwa yote, haikuwa inabanwa nusu muda wote na marekebisho mabaya. Mastasilinda (pampu inayosukumwa na pedali) inarudi vizuri, silinda ya chini nayo inarudi. Rilizi beringi nikaizungusha kwa kidole karibu na sikio: kimya. Hilo lilinishangaza kidogo, maana nilitegemea kukuta dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali. Mguu ukipumzika pale, uchezaji unakwisha, beringi inagusa vidole vya presha pleti na kuzunguka kutwa nzima, na baada ya miezi inalia kama kinu cha kusaga kisicho na mahindi. Hii haikulia. Kwa hiyo mguu haukuwa unapumzika. Mguu ulikuwa unafanya kazi, tena kazi nzito, lakini kwa vipindi.

Madoa ya bluu yalikuwa yamerudi, safari hii na nyufa ndogo ndogo kama za matope yaliyokauka.

Daftari la Mwalimu

Mwalimu ana daftari la kaunta, aina ile yenye jalada gumu, na humo kila siku ya gari ina mstari wake: nani kaendesha, hesabu kiasi gani, mafuta kiasi gani, pancha ipi. Nilimwomba anisomee tu majina ya madereva tangu Machi. Akavaa miwani, akasoma kama anaita mahudhurio.

Gari lilikuwa na madereva wawili. Dereva mkubwa, mtu wa makamo, yuko nalo tangu lilipotoka bandarini. Na deiwaka, yaani dereva wa kibarua, kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam, ambaye Julai ya mwaka uliotangulia alianza kuendesha Jumapili tu ili mwenzake apumzike. Machi akaongezewa siku, zikawa mbili kwa wiki. Mwezi wa kumi dereva mkubwa goti la kushoto lilianza kumsumbua, deiwaka akapata siku nne, wiki nyingine tano.

Tulihesabu kwa kalamu. Klachi ya Machi hadi Oktoba ilikaa miezi saba, na ndani yake deiwaka aliendesha siku 61. Klachi ya Oktoba hadi Januari haikumaliza hata miezi mitatu, na ndani yake deiwaka aliendesha siku 52. Ukizitazama kwa miezi, klachi ya pili ilikuwa mbovu kuliko ya kwanza zaidi ya mara mbili. Ukizitazama kwa siku za deiwaka, zinakaribiana kabisa, na tofauti ndogo iliyobaki naibeba mimi na flaiwili yangu ya msasa.

Mwalimu alifunga daftari. "Haiwezekani," akasema. "Yule kijana ndiye anayeendesha vizuri."

Na si yeye peke yake. Abiria wa njia ile walikuwa wakimsubiri deiwaka. Dereva mkubwa akiondoka kwenye kituo cha mlimani gari linashtuka, ndoo zinagongana, mtu anasema "Mzee taratibu!" Kijana akiondoka, mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake haamki. Kama ungeniuliza stendi ni nani kati ya hawa wawili anayeua klachi, ningekuonyesha yule mzee mwenye goti, na ningekula kiapo.

Safari mbili, saa ya mkononi

Nilifunga seti ya tatu, safari hii flaiwili imechongwa, nikamwambia Mwalimu asinilipe ufundi mpaka nimepanda na kila dereva mara moja. Alhamisi nilikaa siti ya mbele na dereva mkubwa, Ijumaa na deiwaka. Nilikuwa na karatasi na saa, na niliwaambia ukweli kwamba naangalia klachi.

Dereva mkubwa alisimama mara 38 kutoka Mombo hadi Lushoto. Akifika kituo kwenye mwinamo, anakanyaga breki ya mguu, anatoa gia, anaacha pedali ya klachi. Konda anashuka, anapiga jiwe nyuma ya tairi, watu wanapanda na kushuka, mzigo unapanda kwenye keria. Konda akigonga bodi, mzee anaingiza gia ya kwanza, anainua mguu wa kushoto kwa haraka mpaka mlio wa injini unashuka na mkia wa gari unajikalisha, hapo anausimamisha mguu kwa kitambo kidogo, anatoa mguu wa kulia kwenye breki, na gari linaondoka lenyewe hata kabla hajagusa mafuta. Injini ya dizeli ina nguvu chini kule kwenye sailensa, yaani mzunguko wake bila kukanyagiwa mafuta, inavumilia. Kisha anaachia yote kwa pupa kidogo, na ndipo mshtuko unapokuja. Nilijaribu kupima muda ambao klachi inateleza. Ulikuwa sekunde mbili, pengine pungufu.

Ijumaa deiwaka alisimama mara 41. Kwenye vituo vya tambarare alifanya kama mwenzake, tena kwa ulaini zaidi. Kwenye mwinamo ilikuwa hadithi nyingine. Gari lilipokaribia kituo hakugusa breki hata kidogo. Alipunguza mwendo kwa mafuta, akaingiza gia ya kwanza, akakanyaga klachi kidogo, akaongeza resi kidogo, na gari likasimama hewani, kama kipanga anayetafuta kifaranga. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Mama mmoja alishuka na ndoo mbili. Konda akapandisha magunia mawili ya karoti kwenye keria. Gari limetulia tuli. Abiria aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti ya kuridhika, "Huyu ndiye dereva."

Nilihesabu vituo 19 vya namna hiyo, wastani wa sekunde 20 kila kimoja. Kulipokuwa na mzigo mkubwa ilifika dakika nzima. Tulipofika Lushoto nikainama karibu na sakafu, na ile harufu ilikuwepo, ya ukucha uliounguzwa. Abiria walidhani ni breki za lori lililotutangulia.

Joto linatoka wapi

Usiku ule nilikaa na kikokotoo, na kwa anayependa kujua ni hivi. Chukua gari lenye watu na mizigo, uzito tani mbili na nusu, limesimama kwenye mwinamo wa mita 8 kwa kila 100. Mvutano wa dunia unalirudisha nyuma kwa nguvu ya nyutoni 2,000 hivi. Tairi ina nusu kipenyo cha sentimita 32, na gia ya kwanza pamoja na difu zinapunguza mzunguko kama mara 17, kwa makadirio yangu. Kwa hiyo klachi inatakiwa kupitisha nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 36 au 37 ili gari lisirudi. Si nyingi, injini inazitoa bila kutoka jasho. Lakini injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika na magurudumu hayazunguki kabisa. Kazi yote ya injini haina pa kwenda isipokuwa kwenye ule utando wa klachi, ikiwa joto. Inakuja kiasi cha wati 5,700.

Pasi ya umeme ya kawaida inakula wati 1,000 hivi. Basi kila Hiace ile inaposimama hewani kumsubiri mama mwenye ndoo, ni kama umechomeka pasi tano na nusu ndani ya nyumba ya klachi iliyofungwa, isiyo na maji wala feni.

Sasa linganisha na kuondoka. Gari hilohilo likiondoka tambarare kwa resi ya 1,500, klachi inateleza mpaka gari lifike kama kilomita 10 kwa saa, na joto linalozalishwa ni karibu kilojuli 11. Sekunde 20 za kusimama hewani ni kilojuli 114. Yaani kituo kimoja cha deiwaka ni kuondoka mara kumi. Vituo 19 ni kuondoka karibu mara 200, juu ya zile 41 za halali, katika safari moja ya kupanda. Na alikuwa akipanda mara tatu kwa siku.

Kuna jambo dogo jingine lililojitokeza kwenye hesabu, nalo si la deiwaka peke yake, ni letu wote tuliozoea kukanyagia mafuta kabla ya kuachia klachi. Joto la kuondoka tambarare linakua kwa kipeo cha pili cha mzunguko wa injini. Ukiondoka kwa resi ya 1,500 badala ya 800 ya sailensa, huongezi joto mara mbili, unaliongeza zaidi ya mara tatu. Kwa dizeli, kwenye tambarare, mara nyingi huhitaji mafuta kabisa mpaka gari limeshaanza kutambaa. Petroli ndogo za cc 1,000 ni habari nyingine, hizo zitazima.

"Fundi, hendibreki haipo"

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Tulikaa kwenye mgahawa karibu na stendi ya Lushoto, chai ya maziwa na chapati, nikamwonyesha karatasi yangu ya sekunde. Aliisoma kwa makini, hakubisha.

"Shikamoo fundi, naona umekuja kunikamata," akasema, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sasa fundi, mimi nifanyeje? Hendibreki haipo."

Tulirudi kwenye gari. Nikavuta hendibreki. Ilikuja mpaka mwisho, laini kama kamba ya kuanikia nguo, na gari likaendelea kusogea. Na mimi nilikuwa nalijua hilo. Machi, kwenye karatasi niliyompa Mwalimu ya vitu vinavyohitaji kutengenezwa, mstari wa sita ulisema kebo ya hendibreki. Alitengeneza mitano ya juu. Hendibreki, kwa watu wengi wanaomiliki magari ya abiria, ni kitu cha kumwonyesha mkaguzi, na trafiki wa barabarani mara nyingi anaanza na taa na matairi.

Dereva mkubwa alishazoea kuishi bila hendibreki: breki ya mguu, jiwe la konda, na ule ujanja wa kuhamisha mguu. Kijana hakuwa na ujanja huo. Aliniambia wiki zake za mwanzo, kwenye kona moja juu ya Soni, alitoa mguu kwenye breki akiifuata pedali ya mafuta, gari likarudi nyuma na kumgusa bodaboda aliyekuwa amesimama karibu mno. Hakuumia mtu, taa ya pikipiki ilivunjika, akailipa mwenyewe, Mwalimu hakuambiwa. Tangu siku hiyo hakutaka tena gari lirudi hata sentimita moja. Na njia pekee aliyoijua ya kulizuia bila breki ya mkono ni ile aliyofundishwa.

Hapa ndipo nilipoacha kabisa kumlaumu. Alijifunzia udereva Dar, kwenye gari dogo la petroli, na siku ya kuonyesha uhodari walipelekwa kwenye kimwinamo, kila mwanafunzi anaambiwa abalansi: asimamishe gari kwa klachi na mafuta bila kugusa breki, mwalimu akihesabu mpaka kumi. Aliyeweza anapigiwa makofi. Yeye aliweza kuliko wote. Kama zoezi la kuujua mguu wako na kujua klachi inashikia wapi, ni zoezi zuri sana, mimi mwenyewe nawapa vijana wangu. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayewaambia kwamba ni zoezi. Kijana aliondoka pale akiamini kwamba hivyo ndivyo dereva aliyekomaa anavyosimama mlimani, na kwamba breki ni ya wasiojiamini.

Na foleni za mjini zilimkomaza zaidi. Kwenye foleni ya kutambaa watu wengi wanaishi kwenye nusu klachi saa nzima, wakifuata gari la mbele hatua kwa hatua ili daladala isichomekee. Kule tambarare adhabu yake inachelewa. Milima ya Usambara hailazi deni.

Tulichobadilisha

Kebo mpya, viatu vya breki vya nyuma vikarekebishwa, na kazi yote haikufika robo ya bei ya seti moja ya klachi. Nilimwambia Mwalimu hivyo na alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Kisha nikamchukua deiwaka kwenye njia ya vumbi nyuma ya gereji, ambapo pana mwinamo mkali kuliko wowote wa barabarani. Gari tupu. Jambo la kwanza nililomwomba asahau ni ule wimbo wa "achia klachi taratibu". Wimbo huo ni nusu ya maneno, na hiyo nusu ndiyo inayochoma utando. Pedali ina safari tatu. Kutoka chini mpaka pale inapoanza kushika hakuna kitu, pandisha haraka, hupati faida yoyote kwa kuchelewa. Pale inaposhika, simama. Kisigino kikae sakafuni ili unyayo ndio ufanye kazi badala ya paja, maana paja halina hisia ya milimita. Utausikia mlio wa injini unashuka, na kwa Hiace, ambayo inasukumwa na magurudumu ya nyuma, utahisi mkia unakaa. Hapo ndipo mafuta kidogo yanaingia na hendibreki inashushwa, kwa pamoja. Gari likishasogea urefu wake mwenyewe, safari ya tatu: achia yote, toa mguu kabisa pembeni. Kitendo kizima, kwa mtu aliyezoea, ni sekunde mbili au tatu.

Alizima gari mara sita. Mara ya nne alitazama pembeni kuona kama vijana wa gereji wanacheka, na walikuwa wanacheka. Nadhani hicho ndicho kiini cha mambo haya yote, kuliko klachi na kuliko mlima. Kuzima gari mbele ya watu ni aibu, na klachi haina mdomo wa kusema inaumia, kwa hiyo dereva anaihamishia klachi aibu yake. Nilimwambia azime mara mia, stata niliyonayo ni nzima.

Tulikubaliana pia kuhusu kusimama. Kituo chochote kinachozidi kugonga bodi na kuondoka, anavuta hendibreki, anaweka fri (anatoa gia), anatoa mguu kwenye klachi. Siyo kuikanyaga chini na kusubiri. Ukiikanyaga chini utando haukwanguki, ila rilizi beringi inazunguka chini ya mzigo, na zile washa za krenki shafti zinazoizuia krenki isisukumwe mbele zinabeba uzito wote wa mguu wako. Na jiwe la konda lilibaki. Hendibreki ya kebo nayo ni kebo tu.

Kushuka alikuwa hana tatizo kubwa, isipokuwa tabia moja niliyomkemea palepale: akikaribia kona anakanyaga klachi mapema mno na kuliacha gari lishuke huru huku akitafuta gia. Kati ya Soni na Mombo hiyo ni kucheza na breki, kwa sababu klachi ikiwa chini injini haikusaidii tena kuzuia.

Dereva mkubwa naye nilimwambia neno moja, kwamba safari yake ya tatu ni ya pupa, na mshtuko ule unagonga springi za klachi pleti na krosi za propela. Alinitazama kama anayesema: mimi ndiye niliyekaa miaka mitatu na klachi moja, halafu unanifundisha. Sikuendelea.

Miezi kumi na nne baadaye

Gia boksi ilishushwa tena Machi ya mwaka uliofuata, kwa sababu nyingine: ile sili ya nyuma ya injini ilianza kuvuja kweli. Nikapata nafasi ya kupima. Kipimo cha kawaida ni kina cha ripiti, yaani kutoka uso wa utando hadi kichwa cha ripiti, na mwisho wake ni milimita 0.3. Ilisoma 1.1. Flaiwili ilikuwa ya kijivu, safi, doa moja hafifu la rangi ya nyasi kavu upande mmoja. Kwenye daftari la Mwalimu, ndani ya miezi hiyo deiwaka alikuwa ameendesha siku 240 na zaidi, maana goti la mzee halikupona vizuri.

Kuna gharama moja ambayo haikuingia kwenye daftari. Gari sasa linatikisika kidogo likiondoka kwenye vituo vya mlimani, si sana, lakini linatikisika. Juzi nilipanda kwenda Lushoto kwa shughuli zangu, deiwaka akiwa kwenye usukani. Pale Soni akapanda bibi mmoja na kikapu cha mayai, akakipakata. Tulipoondoka mayai yaligongana. Bibi akainama mbele, akamgusa kondakta begani, akauliza yule kijana wa zamani aliyekuwa anaendesha vizuri siku hizi kaenda wapi.